Maridhiano ya Ihangule

1

Kijiji cha Ihangule kilikubali kuhama saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, wakati wanakijiji wenyewe wako shambani wanavuna viazi.

Mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma kabisa ya Ukumbi wa Maridhiano, ghorofa ya pili ya jengo la Ubia, yaani ubia wa Mkoa wa Lukwambe na Chuo Kikuu chake. Kifuani nilikuwa na beji: Dk. Leokadia Mgovano, Mbunifu Mkuu. Kiti cha katikati alikikalia Mkuu wa Mkoa, Bi Mwantumu Shekalaghe. Kulia kwake alisimama Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Gervas Ndelwa, mtu ambaye Mungu alimjalia kipaji kimoja tu, kujua kamera iko wapi.

Ukutani ziliwaka nukta elfu moja mia moja na sita, kila moja mtu mzima mmoja wa Ihangule. Karani akasoma swali kwa sauti ya mtu anayesoma bei za nyanya: "Je, unaridhia kuhama ili kupisha ujenzi wa Kituo cha Umahiri cha Ushirikishwaji wa Wananchi?"

Tafadhali lirudie jina hilo. Mkoa na chuo walitaka kuwaondoa watu kwenye ardhi yao ili wajenge mahali pa kufundishia namna ya kuwashirikisha watu. Ukumbi mzima hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa nao miaka mingi mno.

Nukta zikaanza kugeuka kijani, mojamoja, kisha kwa makundi. Baada ya dakika nne mtambo ukatulia. Asilimia tisini na nne.

"Wananchi wamesema," alisema Mkuu wa Mkoa.

"Wameridhia, Mheshimiwa," Profesa Ndelwa akamsahihisha kwa upole. "Kwa mujibu wa Hati, neno ni kuridhia."

"Wameridhia."

Makofi yakapigwa. Wakurugenzi wakapeana mikono kana kwamba wamebeba kitu kizito pamoja.

Kila nukta ile ilikuwa kivuli. Ndivyo tulivyoviita, na mkoani kote hata watoto walijua neno hilo. Kivuli cha mtu kilianza na mahojiano ya saa nne aliyofanyiwa na wanafunzi wetu. Tukaongeza rekodi zake za zahanati, za ushirika wa mazao, za shule ya watoto wake, na mazungumzo yake ya simu, ambayo aliyatolea ruhusa kwa kuweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Mtambo ulijifunza namna yake ya kujibu mpaka ukaweza kujibu swali ambalo hajawahi kuulizwa. Tulipotaka kuupima, mtendaji wa kata alipelekwa na kishikwambi kwa mtu mwenyewe, akamuuliza swali lilelile. Vivuli vilipatia mara tisini na saba katika kila mia.

Hiyo tisini na saba ndiyo iliyonipa shahada ya uzamivu. Na Hati ya Makubaliano baina ya mkoa na chuo ilisema hivi: maadamu tasnifu iliyouzaa mtambo haijabatilishwa, sauti ya vivuli ina nguvu sawa na mkutano mkuu wa kijiji. Kwa miaka sita mkoa haukuitisha mkutano hata mmoja. Maamuzi mia tatu na kumi na mawili yalipita ukutani pale, mengi yao kabla ya chai ya saa nne.

Watu walipoanza kuteremka kwenda kupiga picha, nilisogea karibu na ukuta nikagusa nukta ya kwanza. Jina likatokea: Tasiana Nyalusi, mhojiwa namba moja. Nilimhoji mwenyewe miaka tisa iliyopita, nikiwa mwanafunzi. Ndiyo. Uhakika, asilimia tisini na nane.

2

Hati ilitaka wananchi wapelekewe Taarifa ya Maridhiano, ili wafahamu walichokubali. Kazi hiyo ilikuwa ya mbunifu. Kwa kawaida niliwatuma wasaidizi. Safari hii nilikwenda mwenyewe, na sababu niliyojipa ni kwamba kulikuwa na baridi nzuri ya Juni.

Nilifuatana na mtendaji wa kata, Bwana Fidelis Mhapa, mwanaume mnene mpole aliyeongea na simu mbili kwa zamu. Tulimkuta Bibi Tasiana uani kwake, amekaa kwenye kigoda, anachambua viazi: vya mbegu huku, vya kula huku, vilivyooza kwenye ndoo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kamwene, mheshimiwa," alimsalimu Mhapa kwa kilugha, akainuka nusu.

"Kamwene, mama. Kaa, kaa tu. Huyu ni Dokta kutoka chuoni. Ameleta taarifa yenu ya kuhama. Mmekubali, mkoa unawashukuru sana."

"Ndiyo, mheshimiwa. Tumeshukuru na sisi."

"Hakuna tatizo?"

"Tatizo litoke wapi, mheshimiwa."

Mhapa akanitazama kwa furaha ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake amejibu vizuri mbele ya mkaguzi. Mara simu moja ikalia, akatoka nje ya ua akiongea kwa sauti ya juu. Bibi Tasiana alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya migomba. Kisha akanigeukia.

"Mimi nimekubali kuhama?"

"Ndiyo, bibi."

"Lini?"

"Jana. Saa tatu asubuhi."

"Jana saa tatu nilikuwa nafukua hivi hapa." Alinionyesha kiazi kimoja kana kwamba ni shahidi. "Nani aliniuliza?"

Nikamweleza habari za kivuli. Niliwahi kuyaeleza hayo mbele ya mawaziri wa nchi tatu na wote walitikisa vichwa kwa heshima. Bibi Tasiana hakutikisa kichwa. Alisikiliza huku akiendelea kuchambua.

"Kwa hiyo kuna Tasiana mwingine, yuko mjini, anasema ndiyo."

"Amejifunza kutoka kwako. Ulinijibu maswali, bibi. Mimi ndiye niliyekuja ule mwaka. Kila swali la serikali ulisema ndiyo."

Hapo akanitazama usoni vizuri kwa mara ya kwanza.

"Ni wewe? Yule wa viatu mkononi?" Akacheka, akafuta macho kwa kitenge. "Maskini! Ulikuja hapa miguu ina malengelenge, viatu umevishika, midomo imepasuka kwa jua. Mtendaji wa wakati ule amekaa pale kwenye gogo, anasikiliza. Maswali yako hayaishi. Mia mbili na kitu! Nikasema moyoni, huyu binti wa watu nikimkatalia ataniuliza kwa nini, na kwa nini ya kwa nini, giza litamkuta hapahapa. Nikawa nakwambia ndiyo, ndiyo, umalize ukapumzike."

"Zote?"

"Nyingine zilikuwa za kweli."

"Zipi?"

"Sikumbuki, mwanangu."

Mhapa akarudi. Bibi Tasiana akainuka nusu tena. Mtendaji akamwonyesha mahali pa kuweka dole gumba kuthibitisha kwamba amepokea taarifa kwa furaha, na fomu iliandikwa hivyohivyo, kwa furaha. Akaweka dole, akasema, "Ndiyo, mheshimiwa, asante." Hata kope haikumtikisika.

Siku ile tulipita nyumba kumi na tisa. Mhapa alipokuwepo, nyumba zote kumi na tisa zilishukuru. Alipotoka, nyumba kumi na nne zilinitukana, kila moja kwa namna yake, na mbili zilisema kwa kweli wangependa kuhama, zimechoshwa na mteremko. Tatu hazikusema kitu.

3

"Hakuna aliyeuchezea," alisema Otmari.

Otmari Kihwele alikuwa fundi wa mitambo yetu. Alikuwa ameujua mtambo ule tangu ukiwa kompyuta tatu chini ya ngazi za Kitivo cha Takwimu, na ni mtu pekee jengoni ambaye sikuwahi kumwona akipiga makofi. Nilitamani aniambie kuna mwizi. Ungemkuta mwizi, ungemkamata, ungerudi nyumbani ukiwa mtu safi.

"Nimepitia mahojiano yote elfu thelathini na moja," aliendelea. "Unajua yanafanana kwa kitu gani? Yote yana sehemu ya mtendaji kutia sahihi kwamba alikuwepo. Yote, Leokadia. Na tulipokuwa tunapima kama kivuli kinapatia, tulimtuma nani?"

"Mtendaji."

"Mtendaji. Kwa hiyo kivuli kinatabiri mtu atamjibu nini mtendaji, kisha tunamtuma mtendaji akathibitishe." Alifuta miwani. "Tisini na saba ni sahihi kabisa. Ila hatukupima maoni. Tumepima adabu."

Nilikaa kwenye kiti chake. Nilijua. Hilo ndilo linalonichefua mpaka leo ninapoandika. Nilipokuwa na malengelenge yangu niliona mtendaji amekaa kwenye gogo, na niliandika kwenye tasnifu, ukurasa wa themanini na moja, kwamba "uwepo wa kiongozi wa eneo uliongeza ushirikiano wa wahojiwa". Wasimamizi wangu wawili na mtahini wa nje waliisoma sentensi hiyo. Mmoja wao aliipigia alama ya vema pembeni.

"Kuna njia," Otmari alisema, akaniwashia kioo cha kompyuta. "Naweza kutia kigezo kipya. Nakiita uwepo wa mtendaji. Nikikishusha toka moja hadi nusu, Ihangule inakataa kwa asilimia sabini. Wewe kama mbunifu una siku thelathini za kuomba kura irudiwe. Unaomba, inarudiwa, wanakataa. Kijiji kinabaki. Hakuna anayejua."

"Hiyo nusu umeipata wapi?"

"Kichwani."

"Kwa hiyo Ihangule itakataa kwa sababu Otmari Kihwele amefikiria nusu."

"Na juzi ilikubali kwa sababu Leokadia Mgovano alikuwa na malengelenge. Angalau huu uongo wangu unaacha watu majumbani mwao."

Nikamuuliza kitakachotokea nikienda njia nyingine, nikisema tu kwamba tasnifu ni batili. Alikuwa ameshafikiria, akanyoosha vidole. Ithibati ya mtambo inaanguka. Maamuzi yote mia tatu na kumi na mawili yanasimamishwa, yakiwemo mema. Zahanati ya Mkuyuni ilipatikana kwa vivuli. Daraja la Lugoda, vivuli. Wanafunzi arobaini na sita wanaosomeshwa na Ubia wanarudi kwao. Yeye mwenyewe anarudi kutengeneza simu sokoni.

"Na wewe," alisema, "unarudi kuwa Bi Mgovano."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi ningeweka nusu, nikaenda kulala." Alifikiri kidogo. "Kisha mwaka ujao mtu mwingine angeweka robo."

4

Kabla ya kuamua nilifanya jambo la kipumbavu. Nilikwenda kuwaambia wakubwa.

Walinipokea pamoja, ofisini kwa Mkuu wa Mkoa, chini ya picha yao wawili wakitia sahihi Hati. Niliwaeleza yote, gogo, mtendaji, adabu. Nilitegemea washtuke. Nilikuwa hata nimejiandaa kuwatuliza.

Profesa Ndelwa alikoroga chai yake.

"Sasa wewe Leokadia," alisema, "ulidhani ni nini?"

"Unasemaje, Profesa?"

"Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jopo lililokutahini. Unadhani sikuona? Kila mtafiti anaona. Ukianza kuuliza kama mwananchi anamaanisha anachosema, utafunga idara zote za sayansi ya jamii toka hapa hadi baharini. Tuna data. Data imesema."

"Data imesema tulichowalazimisha waseme."

"Hakuna aliyelazimishwa. Soma fomu, wamefurahi."

Nilimdharau kwa moyo wote. Ni rahisi kumdharau mtu anayekoroga chai isiyo na sukari. Lakini Bi Shekalaghe hakuwa mjinga, na yeye ndiye aliyenipata.

"Dokta," alisema, "mimi nimeitisha mikutano ya vijiji miaka kumi na miwili kabla hamjaniletea mtambo wenu. Nikwambie walivyokuwa wanakuja? Kijiji cha watu elfu, wanakuja arobaini. Wanawake wanakaa nyuma hawasemi. Anasema mwenye ng'ombe wengi. Nikiuliza mnakubali, wananyoosha mikono yote miwili ili niondoke. Leo kila mtu anahesabiwa, hata mjane asiyetoka nje. Unaniambia hii "ndiyo" yenu ina kasoro. Ile yangu ilikuwa na afya?"

"Ile wangeweza kuikataa, Mheshimiwa."

"Wangeweza. Walikataa mara ngapi?"

Akaona amenipata, akalainika, na kulainika kwake kukaniudhi kuliko ukali.

"Kituo kile kitahitaji mkurugenzi. Profesa na mimi tumeshazungumza. Mtu anayeijua kazi, anayejua hata udhaifu wake. Nani kama wewe? Utarekebisha ukiwa ndani."

"Kwenye ardhi ya Ihangule."

"Kwenye ardhi ya umma," alisema Profesa Ndelwa.

Nilitoka na barua ya uteuzi mkononi. Nitasema ukweli: niliisoma mara tatu kwenye ngazi. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na jina langu lilipendeza. Nilijiambia kwamba ukiwa ndani unaweza kurekebisha. Kisha nikakumbuka kwamba nilikuwa ndani kwa miaka sita, na kitu pekee nilichorekebisha ni rangi ya nukta. Mwanzoni zilikuwa za bluu.

5

Seneti ya chuo hukutana Jumatano ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata ukweli husinzia. Kanuni ndogo ya ishirini na mbili inamruhusu mwenye shahada kuomba tasnifu yake ibatilishwe kama data yake ni mbovu. Katibu alilazimika kutafuta kitabu cha kanuni. Tangu chuo kianzishwe, hakuna aliyewahi kuomba.

Nilisimama nikasoma kurasa mbili. Nilieleza gogo, nikaeleza ukurasa wa themanini na moja. Nikaomba yasomwe majibu ya nyumba kumi na tisa za Ihangule, mbele ya mtendaji na nyuma yake. Maprofesa waliokuwa wamelala waliamka polepole, si kwa uchungu, bali kwa hofu ya mtu anayesikia jirani anabisha hodi na yeye ana kitu cha jirani ndani. Nilitazama nyuso zao na nikafahamu kwamba nusu yao wana magogo yao na watendaji wao, kwenye tasnifu za kilimo, za elimu, za afya.

Wa kwanza kuuliza swali alikuwa mkuu wa shule ya sheria. Nilijikaza kwa ajili ya swali gumu.

"Je," aliuliza, "mwombaji atarejesha joho, au joho lilinunuliwa?"

"Lilikodiwa," nilijibu.

Wakaandika.

Profesa Ndelwa alisema kwa masikitiko kwamba mwenzetu amechoka na kwamba chuo kina huduma ya ushauri nasaha. Akapendekeza ombi liahirishwe. Lakini kanuni haikuwaachia nafasi ya kuahirisha. Waliiandika enzi wakiamini haitatumika, kwa hiyo waliiandika kwa unyoofu. Kwa kutamka kwangu tu, tasnifu ilikuwa imekufa. Katibu akapiga mhuri.

Jioni ile mtambo ulizimwa. Wiki iliyofuata niliijua gharama ya unyoofu wangu. Zahanati ya Mkuyuni ilisimamishiwa dawa, kwa kuwa uamuzi wa kuijenga haukuwa tena uamuzi. Mama mmoja wa Mkuyuni alipata namba yangu, akanipigia.

"Wewe ndiye uliyesema hatukukubali zahanati?"

"Nilisema hamkuulizwa, mama."

"Nimeulizwa sasa? Mtoto ana homa hapa mgongoni, nimekuta kufuli. Wewe mwenye elimu, hukuona zahanati katika huo ukweli wako?"

Sikujitetea. Nilimpeleka mtoto hospitali ya wilaya kwa gari la Otmari, na homa ikashuka siku ya pili, lakini yule mama hakunisamehe na sikuona sababu ya kumwomba anisamehe. Mkuyuni walifanya mkutano wao siku kumi baadaye, wakapiga kura dakika kumi na moja, kufuli likafunguliwa. Siku hizo kumi ni zangu. Sijapata mtu wa kunisaidia kuzibeba.

Otmari alirudi sokoni. Hakunilaumu, alisema tu kwamba simu zina shukrani, ukizitengeneza zinawaka.

6

Mkutano mkuu wa kijiji cha Ihangule, wa kwanza baada ya miaka sita, uliitishwa Jumamosi kwenye darasa la tano la shule ya msingi, kisha ukahamishiwa ukumbi wa kanisa kwa sababu ya wingi wa watu. Nilikwenda. Sikualikwa. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, bila beji.

Mkoa ulimtuma Mhapa kuusimamia. Maskini alikuwa na jasho. Alikuwa mtendaji tangu enzi za vivuli, hajawahi kuendesha mkutano hata mmoja wenye watu ndani. Alisoma swali lilelile, na jina lote la kile kituo. Nyuma kuna mtu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jina lile litungwe, na nilitaka kumkumbatia.

"Haya," alisema Mhapa, "wanaoridhia wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka.

Nilisimama bila kujijua. Ilinyooka yote, ukumbi mzima, mamia ya mikono yenye udongo kwenye kucha. Bibi Tasiana, mstari wa pili, alinyoosha wake juu kabisa. Shahada, kazi, homa ya yule mtoto wa Mkuyuni, nilivitoa vyote ili watu hawa waulizwe. Sasa wameulizwa, na wanafanya kilekile walichofanya vivuli vyao, bila hata ile asilimia sita iliyokataa. Nilimsikia Bi Shekalaghe: walikataa mara ngapi? Na niliwadharau. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Kwa muda wa pumzi tatu au nne niliwadharau watu wale kuliko nilivyowahi kumdharau Profesa Ndelwa.

Mhapa aliangaza, akatabasamu, akafungua kalamu.

"Mheshimiwa," Bibi Tasiana akasema, mkono wake ungali juu. "Kabla hujaandika. Umetoka mbali. Hujanywa kitu."

"Niko sawa, mama. Namaliza sasa hivi."

"Hapana, itakuwa aibu kwetu. Mama Eusebia amekuandalia chai, na viazi vya kuchemsha. Mgeni wa mkoa hawezi kuandika na njaa Ihangule. Mwenyekiti, tumsindikize mgeni."

Mwenyekiti wa kijiji alisimama. Watu wawili wakasimama. Kwa heshima kubwa, kwa kushikwa kiwiko, kwa "karibu mheshimiwa" na "pole kwa safari", Bwana Fidelis Mhapa alitolewa nje pamoja na kalamu yake. Askari mgambo wawili aliokuja nao walisindikizwa vilevile. Ilifanyika laini kiasi kwamba sidhani walijua wametolewa. Mikono ilikuwa imeanza kushuka, mmojammoja.

Nikakaa chini nikipumua. Bibi Tasiana akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka mlangoni.

"Na wewe, mwanangu."

"Mimi, bibi?"

"Kanywe chai."

"Mimi siko na mkoa tena. Wamenifukuza. Nimekuja tu kusikiliza."

"Ndiyo hivyo. Kasikilize chai."

Watu walicheka, si kwa ubaya sana. Nikatoka. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikasikia komeo.

Tulikaa chini ya kibaraza cha Mama Eusebia, mimi na Mhapa na mgambo wawili, tukala viazi kwa chumvi. Mhapa alidhani ni mapumziko. Baada ya saa moja alianza kutazama saa. Baada ya saa mbili sauti zikaanza kutoka ukumbini. Mwanzo moja moja, kisha nyingi kwa pamoja, za wanaume na wanawake, zikipandana. Mtu alipiga meza. Mtu alilia, au alicheka, kupitia ukutani vilisikika sawa. Mwanamke mmoja alipaza sauti kwa muda mrefu bila kukatizwa, na ningetoa mwaka wa maisha yangu kujua anasema nini. Kwa tabia ya zamani mkono wangu ulikwenda mfukoni kutafuta kishikwambi. Hakikuwepo. Niliurudisha kwenye kikombe.

"Wanagombana," alisema Mhapa kwa wasiwasi. "Niingie?"

"Mlango una komeo."

"Vivuli havijawahi kugombana," alisema.

"Hapana. Havijawahi."

Saa ya tano tangu tutolewe, mlango ulifunguliwa. Walitoka kama watu waliotoka kubeba mawe, wengine hawasemezani. Ndugu wawili waliokuja na baiskeli moja waliondoka mmoja akiendesha na mwingine kwa miguu. Mwenyekiti akamkabidhi Mhapa karatasi ya daftari, mistari minne. Wasiotaka kuhama, mia tano na tatu. Wanaotaka, mia mbili na themanini na nane. Kijiji kinabaki. Anayetaka kuhama kwa hiari yake asizuiwe. Na chini, kwa mwandiko mwingine: kituo wakajenge chuoni kwao, ndiko wanakohitaji kushirikishwa.

Mhapa alisoma mara mbili. Akawatazama watu mia nane waliosimama wanamtazama. Akakunja karatasi vizuri, akaiweka mfukoni, akaaga.

Bibi Tasiana alikuja kuchukua vikombe. Sauti ilikuwa imemkauka. Alionekana amezeeka tangu asubuhi, na shingo yake ilikuwa imenyooka.

Miaka tisa nilikuwa na kivuli cha mwanamke huyu. Nilijua angechagua mbegu gani mwaka wa ukame, angemwoza mjukuu wapi, angefikiri nini kuhusu ushuru wa mazao. Niliviandika vitu hivyo kwenye majedwali na maprofesa wakavishangilia. Nikamsaidia kubeba birika, na sikuweza kujizuia.

"Bibi, wewe umepiga kura ipi?"

Alinipokonya birika, taratibu.

"Hilo halikuhusu," alisema, akaingia ndani.